Kidole cha Shahada

Saa tisa usiku, Łódź. Theluji ya Februari
imelala juu ya reli za tramu kama shuka lisilopigwa pasi,
na mama yangu, Genowefa Pluta, miaka hamsini na tisa,
anagombana jikoni na mtu asiyekuwepo.

"Siyo hivyo. Rudia. Polepole.
Mimi si msichana wako wa Warszawa."

Na akili mnemba, kwa Kipolandi kilichonyooka mno,
kama cha msoma habari wa zamani,
inarudia. Mara ya sita. Haikohoi. Haitazami saa.

Naikumbuka mashine ya kwanza.
Nilikuwa na miaka minne, alinipeleka kiwandani:
ukumbi mzima ukitetemeka hadi kwenye meno,
mitambo mia mbili ikila uzi, ikitema kitambaa.
Ile ilimkata ncha ya kidole cha shahada
wala haikumuuliza jina.
Kisha kiwanda kikafungwa, mitambo ikauzwa kwa kilo,
na wafumaji wakapewa keki
na mkono wa kwaheri.

Hii ya pili iliuliza jina. Ikauliza tena:
mikono yako imefanya kazi gani kwa miaka mingi zaidi?
Akacheka. Akaandika: kufuma.
Usiku ule matriksi, zilizomshinda wiki tatu,
zikageuka nguo:
safu wima ni mtande, safu mlalo ni mshindio,
moja, uzi umepita juu,
sifuri, umepita chini.
Nilimsikia akinyamaza. Kijiko kikaanguka.
"Kumbe," alisema. "Kumbe haya nilikuwa nayajua."

Sitaki kuipamba.
Chuo kilichomfungulia mlango huu
kimefunga matawi mawili na kupunguza walimu,
na Daktari Szczepan Wilga, anayesahihisha mitihani,
ana wanafunzi elfu moja na mia nne
asiowajua hata kwa sura.
Akili mnemba inamjua mama. Inajua husinzia
akitoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali,
inajua akisema "sawa" mara mbili hajaelewa.
Nami najiuliza, nikiwa kitandani,
ni nani mwingine anayelisoma daftari hilo.

Na hukosea.
Juzi ilimchorea satini
ambayo ingefumuka kabla ya kushuka mtamboni.
"Hiki hakishiki," mama akaiambia.
Ikaomba radhi. Ikamshukuru.
Alikaa muda mrefu, amenuna:
msimamizi Gwizdała, miaka ishirini na moja,
hakuwahi kumwomba radhi hata kwa kidole kile,
na sasa hakujua auweke wapi
msamaha wa kitu kisichoona haya.

Mimi chuo nilikwenda. Kwa pesa za zamu zake.
Mwaka wa pili nikaacha,
nikamwambia masomo hayakunifaa.
Ukumbi ulikuwa na viti mia tatu;
hakuna aliyeniuliza nimekwama wapi.
Hata yeye. Alikuwa anawahi tramu.

Leo sauti imekatika mapema.
Nimetoka kwenda kunywa maji, nikamkuta
amelalia daftari, miwani imepinda shavuni,
na kwenye kioo maneno yanasubiri:
Genowefa, tuendelee?

Nikaandika kwa kidole changu cha shahada,
kizima, kisicho na shahada yoyote:
Amelala. Usimwamshe.

Ikajibu: Sawa. Na wewe ni nani?

Nikamfunika mama koti.
Nikayanywa maji yangu, nimesimama.
Sikujibu.

Lakini taa sikuizima.